Nzi Hafuati Harufu Peke Yake

Tangu mvua za Machi zianze, barua kuhusu nzi zimefika mezani pangu kwa wingi kuliko barua za jambo lingine lolote, na karibu zote zimeandikwa na watu ambao nyama au samaki ndiyo riziki yao. Nimechagua sita. Sitazijibu kwa urefu mmoja, kwa sababu mbili kati yake zinagusa kiini cha jambo lenyewe na nyingine zinahitaji maneno machache tu. Nzi ninaowazungumzia ni wale wa mizoga: wakubwa wenye rangi ya kijani au bluu inayometameta kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji, pamoja na wale wa kijivu wenye mistari mitatu myeusi mgongoni. Nzi mdogo wa nyumbani tutamgusa pale atakapojiingiza mwenyewe, kama ilivyo desturi yake.

Kutoka kwa mwenye bucha, Busia

Ndugu Mjibu, nina bucha hapa karibu na mpaka kwa miaka tisa sasa. Ng'ombe huchinjwa alfajiri, na kuanzia saa moja nyama inakuwa imeshaning'inia. Siku za jua kali nzi hupungua mchana hata nikajisahau, lakini mvua ikinyesha usiku na kukatika asubuhi, ifikapo saa nne wale nzi wa kijani wanajaa kwenye kulabu kana kwamba wamepigiwa mbiu. Jirani yangu anasema mvua ndiyo inayowazaa. Mke wangu anasema nyama ya siku hiyo ndiyo yenye kasoro. Nani ana haki?

Jibu: Ndugu yangu, kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, ila hakuna aliyeushika wote. Tuanze na jirani. Nzi anayetua kwenye paja la ng'ombe wako saa nne asubuhi hakuzaliwa na mvua ya usiku ule. Jike la nzi wa kijani hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi zaidi ya mia moja kwa mkupuo mmoja. Kwa joto la Busia mayai hayo huanguliwa kabla ya saa 24 kupita. Funza hula kwa siku nne hadi sita, kisha huiacha nyama na kujichimbia udongoni, na humo hujifunga ndani ya ganda la kahawia linalofanana na punje ya ngano, mpaka nzi kamili atoke. Safari yote huchukua karibu majuma mawili, ikipungua kidogo penye joto na kurefuka penye baridi. Kwa hiyo, ukitaka kujua nzi wa leo walizaliwa wapi, ulizia matumbo na damu vilivyoachwa nyuma ya machinjio majuma mawili yaliyopita.

Walikuwa wapi basi usiku wa mvua? Walikuwa papo hapo, wamejificha. Nzi ni kiumbe ambaye mwili wake hutegemea joto la nje, na misuli ya mabawa yake haifanyi kazi vizuri mpaka hewa au jua liipashe. Mvua ikinyesha, au mawingu yakitanda na hewa ikapoa, hujibanza chini ya majani ya migomba, kwenye nyasi ndefu na katika vipenyo vya paa, wala haruki isipokuwa ameshtuliwa. Usiku vilevile kwa kawaida hatembei. Mvua ya muda wa saa kumi kwake ni njaa ya muda huohuo, na kwa majike yenye mayai yaliyokwisha kukomaa tumboni ni saa kumi za kutafuta pa kuyaweka bila kupapata. Jua likitoka na majani yakakauka, wote huamka karibu kwa wakati mmoja. Wewe unaona kundi jipya, kumbe ni walewale wa jana na juzi waliozuiliwa pamoja na kufunguliwa pamoja.

Sasa tumgeukie mkeo. Nyama ya siku hiyo huenda haina kasoro yoyote kwa mlaji, lakini kwa nzi ina sifa ambayo nyama ya siku ya jua haina, nayo ni unyevu. Nzi hana meno. Hula kwa kutema mate juu ya chakula na kufyonza kilicholainika, kwa mdomo ulio kama sifongo. Nyama iliyokatwa ikipigwa na hewa kavu huota utando mgumu juu yake. Nzi akitua hapo huonja kwa miguu (ndiyo, nzi huonja kwa miguu), akikuta ukavu hupiga hatua chache kisha huruka. Siku yenye unyevu utando huo hauji upesi, na nyama hubaki laini hadi mchana. Isitoshe, yai la nzi lina ganda jembamba na hufa likikauka, kwa hiyo jike haliachi mayai yake mahali palipo wazi. Litazame kwa karibu utaliona likirudi kinyumenyume, mkia ukipapasa, hadi lipate mkunjo: katikati ya mbavu mbili, chini ya mafuta ya figo, ndani ya mshipa uliokatwa. Ukikuta fungu jeupe kama chenga za mchele mahali pa namna hiyo, hiyo ndiyo kazi yake, na majike mengine yatakuja kuongeza mayai yao papo hapo, kwa kuwa harufu ya wenzao huwavuta.

Kuhusu mchana wa jua kali, usijipongeze mapema. Bati na saruji vikishika moto, nzi hukimbia jua kama wewe unavyolikimbia, na wengi wao wako chini ya meza yako au upande wa kivuli wa ukuta, wakingojea saa kumi alasiri. Baridi humfunga nzi, na joto kali nalo humfunga. Kati ya hapo ndipo anapofanya kazi.

Mahali ninapoona wenye bucha wengi wakijidanganya ni kwenye gogo. Siku moja nilisimama katika bucha nikisubiri kupimiwa kilo mbili, na mwenye bucha alikuwa hodari wa kupunga kitambaa juu ya mapaja yaliyoning'inia, ambayo nzi wake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Gogo lenyewe la kukatia, lililokuwa pembeni yake, lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole uliojaa damu na unga wa mifupa wa siku kadhaa, na ufa huo haukuonekana kwa wingi wa nzi. Nyama ya asubuhi ilikuwa na harufu ndogo. Ufa ule ulikuwa ukinukia mtaa mzima, na kila nzi aliyekuja kwa ajili yake alipata nyama safi kama nyongeza. Kwangua gogo kila jioni, limwagie maji yanayochemka, kisha lipake chumvi ya kutosha. Maji ya kuoshea sakafu yasiishie kwenye udongo ulio mbele ya mlango, kwa sababu mvua ya usiku huuamsha uvundo wa damu iliyokauka humo, na hilo pia limo katika hesabu ya saa nne yako.

Ukiweza kununua feni, iweke iivumie nyama kutoka ubavuni. Hufanya kazi mbili kwa pamoja: huukausha uso wa nyama, na humfanya nzi ashindwe kutua, maana upepo wa wastani tu unamtosha. Kuhusu taka, wenzetu wa Kampala wamezoea kuwaachia kaloli, korongo wakubwa wala mizoga, kazi ya usafi, na kweli ndege yule humeza vipande ambavyo mbwa angevitafakari. Lakini kaloli halambi damu iliyozama udongoni. Chimba shimo na ufukie.

Kutoka kwa klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari, Arua

Tulitengeneza mitego mitatu kwa chupa za plastiki, tukakata sehemu ya juu ya kila chupa na kuigeuza kama faneli. Katika ya kwanza tuliweka maini ya mbuzi, ya pili samaki, ya tatu embe lililoiva. Tuliitundika kwenye miti mitatu uwanjani. Siku ya kwanza samaki alipata nzi wengi, siku ya tatu maini yakampita, na siku ya tano hakuna mtego uliopata kitu. Mwalimu anasema tuandike kuwa jaribio limeshindikana. Je, ni kweli?

Jibu: Vijana wangu, kwa heshima zote kwa mwalimu, msiandike hivyo. Jaribio lenu limejibu swali, ila si lile mlilouliza. Mlidhani mnalinganisha vyambo vitatu. Kwa kweli mlikuwa mnalinganisha vyambo vitatu, katika umri tofauti, chini ya miti tofauti, katika siku zenye hali tofauti za hewa, vyote kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu matokeo yanaonekana kama ugomvi.

Chukueni umri wa chambo kwanza, kwa kuwa hapo ndipo penye utajiri. Nyama haitoi harufu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bakteria wanapoivunja protini hutoa mvuke wa aina nyingi: amonia, indoli, na hasa misombo ya salfa kama dimethili-trisalfidi, ambayo nzi wa kijani huinusa kwa papasi zake hata ikiwa hafifu mno kwa pua ya binadamu. Mchanganyiko huo hubadilika kadiri saa zinavyopita, na kila jamii ya nzi ina wakati wake. Wapo wa kijani wanaowahi mapema, wakati nyama bado inaweza kuingia sufuriani. Wapo wakubwa wa bluu na kijani wa jamii iitwayo Chrysomya, ambao ndio wengi katika Afrika yetu, wanaoongezeka uvundo unapokolea. Mwishoni, kikibaki kitu kikavu, nzi hukiacha na mbawakawa wa ngozi hukirithi. Samaki huoza upesi kuliko maini, hivyo si ajabu kwamba alitangulia kunukia siku ya kwanza na kutanguliwa siku ya tatu. Hakushindwa. Wakati wake ulikuwa umepita.

Sasa siku ya tano. Hamkuniambia hali ya hewa ilikuwaje, nami nadhani humo ndimo lilimo jibu. Jua la Arua linaweza kukausha kipande cha nyama ndani ya chupa mpaka kiwe kama ngozi ya ngoma, na chambo kikavu hakitoi mvuke wa maana. Au kama siku hiyo ilikuwa ya mvua, chambo kilinuka vizuri ila nzi hawakuruka. Au upepo ulikuwa mkali: harufu husafiri na upepo kama moshi wa mkaa, ikiwa utepe mrefu uendao upande mmoja, na nzi huufuata utepe huo akielekea upepo unakotoka, upepo ukizidi, utepe hukatika vipande na nzi mwenyewe hawezi kwenda mbele. Mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na yote huandika sifuri ileile kwenye daftari. Sifuri isiyo na maelezo ya hali ya hewa pembeni yake haina faida kwa mtu yeyote.

Rudieni basi, kwa utaratibu ufuatao. Pimeni vyambo kwa uzito mmoja, gramu mia mbili kila kimoja, na vyote viwe vya umri mmoja. Ongezeni chupa ya nne, kwenye mti wa nne, isiyo na chambo ila maji tu, kwa sababu bila hiyo hamwezi kujua ni nzi wangapi waliingia kwa udadisi. Kila asubuhi hamisheni mitego, ili ndani ya siku nne kila chambo kiwe kimekaa kwenye kila mti. Inawezekana mti mmoja uko karibu na jiko la shule na ulikuwa ukimsaidia samaki. Nyunyizieni chambo maji kidogo kisikauke. Hesabuni saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na kila mara andikeni joto kivulini, mawingu, mvua, na kama majani ya miti yanatikisika kidogo, sana, au hayatikisiki. Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha.

Kuhusu embe, angalieni vizuri ni nani walioingia. Wengi watakuwa nzi wadogo wa matunda na nzi wa nyumbani. Lakini nzi wa kijani pia atakuja mara mojamoja, kwa kuwa anahitaji sukari ili apate nguvu za kuruka, na porini huipata katika maua. Wakulima wa maembe kaskazini mwa Australia wanalijua hilo: wapo wanaoweka mizoga au samaki waliooza shambani wakati wa maua, ili nzi waje, wazaliane na kuchavusha. Protini ni jambo jingine. Jike halikomazi mayai mpaka lipate mlo wa protini, na ndiyo maana mtego wa nyama hukamata majike mengi kuliko madume. Mkiweza kutenganisha majike na madume (macho ya dume la nzi wa kijani karibu hugusana utosini, ya jike yameachana), mtakuwa na jambo la kuandika ambalo mwalimu hatalipinga.

Faneli yenu inafanya kazi kwa sababu nzi aliyekwisha kula huelekea penye mwanga wala hakumbuki mlango alioingilia. Choo cha shimo chenye bomba refu la hewa lililofunikwa wavu juu, kilichobuniwa kusini mwa Afrika miaka ya 1970, hutumia udhaifu huohuo: chumba huachwa na giza, nzi hupanda bomba kuufuata mwanga, wavu humzuia, naye hufia humo. Kwa hiyo sehemu ya chini ya chupa ifungeni kwa karatasi nyeusi, ya juu iacheni wazi.

Jambo moja la pembeni. Mkimwona funza mwenye vinyweleo vigumu kama miiba akiwala funza wenzake laini, msidhani mmegundua kitu. Huyo ni mtoto wa Chrysomya albiceps, na hiyo ndiyo tabia yake akikua. Naweni kwa sabuni kila mnapomaliza, na mitego ikae mbali na jiko: chambo kinachovuta nzi kwenye chupa huwavuta pia kwenye ugali uliowekwa njiani.

Kutoka kwa mama mwanika mukene (dagaa), Katosi

Mimi huanika mukene kwenye mchanga kando ya ziwa. Jua likiwa zuri zinakauka kabla ya jioni na nzi hawana shida. Siku za mawingu nzi wanakuwa wengi, na kesho yake nakuta funza. Wengine wanasema ni sami, wale wadudu wanaokuja kama moshi kutoka ziwani, ndio wanaotaga. Nifanye nini msimu wa mvua?

Jibu: Mama, sami waache, hawana hatia. Hutaga mayai yao majini, huishi siku chache, na hata wakiigubika mukene yako hawaachi funza ndani yake. Mwenye kosa ni nzi wa kijani, na wewe mwenyewe umekwisha kueleza kinachotokea vizuri kuliko ninavyoweza: kati ya nzi na jua kuna mashindano ya saa. Mukene iliyotoka kwenye mashua asubuhi ina unyevu, ina ute, na matumbo yake bado yamo ndani, kwa hiyo ni chambo kamili. Jua likiwahi kuikausha ngozi, nzi hana pa kutaga, na hata mayai yaliyokwisha kuwekwa hukauka. Mawingu yakichelewesha kukauka hadi kesho yake, yai limepata zile saa chini ya 24 linazozihitaji.

Kwa hiyo kila unachofanya kifupishe saa za ubichi. Mchanga ndio adui yako wa kwanza, kwa sababu upande wa chini wa samaki hautoi maji, na mvua ikinyesha unakuwa tope. Chanja iliyoinuliwa hadi kiunoni na kutandikwa wavu huruhusu hewa kupita chini na juu, mvua ikija unaifunika kwa turubai haraka, na samaki hawashiki mchanga ambao mnunuzi huutafuna na kuukumbuka. Tandaza tabaka moja tu. Siku ambayo mbingu imefunga tangu alfajiri, ziloweke kwanza katika maji ya chumvi kabla ya kuzianika. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama na nzi hupungukiwa na hamu. Moshi wa majani makavu huwafukuza maadamu unawaka, lakini takataka usichome, hasa plastiki, kwani harufu na sumu yake huishia kwenye samaki. Na usisahau samaki waliooza waliotupwa pembezoni mwa mwalo. Unaweza kuanika kwa ustadi wote, lakini kama hatua ishirini kutoka kwenye chanja yako kuna rundo la mabaki ya juzi, unawafugia nzi mlango wa pili.

Kutoka kwa mwalimu, Kabale

Nimehamia Kabale kutoka Gulu, na nashangaa nyama inakaa sokoni asubuhi nzima na nzi ni wachache. Je, watu wa huku ni wasafi zaidi?

Jibu: Usafi wa watu wa Kabale siutilii shaka, ila sifa kubwa ipewe mlima. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita hivi. Chini ya nyuzi 10 hadi 12 nzi wa mizoga hujikokota tu, na asubuhi za ukungu huko hazitofautiani sana na hapo. Funza nao hukua polepole, na nyama yenyewe hutoa harufu kidogo. Njoo sokoni saa nane siku ya jua uwaone.

Kutoka kwa msomaji, Jinja

Je, naweza kupuliza dawa ya mbu juu ya samaki wabichi ili nzi wasitue?

Jibu: Hapana. Dawa ya kuua wadudu haipulizwi kwenye chakula, wala kwenye meza, kikapu au wavu unaogusa chakula, hata kama jirani yako hufanya hivyo na bado yuko hai. Samaki asiyetuliwa na nzi hata mmoja sokoni, ilhali wa jirani wamefunikwa, mimi simnunui.

Kutoka kwa mama wa nyumbani, Mbale

Nilimpiga kwa ndala nzi mkubwa wa kijivu aliyekuwa amekaa juu ya wavu nilioifunikia nyama. Alipopasuka wakatoka funza wadogo wakitambaa, hai kabisa. Nilishtuka hata nikaitupa nyama. Je, alikuwa na ugonjwa?

Jibu: Mama, alikuwa na mimba. Nzi wa kijivu mwenye mistari mitatu mgongoni hatagi mayai kama wenzake wa kijani. Mayai huanguliwa ndani ya tumbo lake, naye huwaangusha funza wakiwa hai, tayari kula dakika ileile. Ndiyo sababu huonekana mwenye haraka: hana haja ya kutafuta mkunjo wenye unyevu, wala hahitaji saa 24. Hutumia hata siku kavu ambazo wa kijani angesitasita, na kwa anayeanika nyama huyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kuhusu alichokuwa akifanya juu ya wavu, jibu lina zaidi ya miaka mia tatu. Mnamo 1668 Mwitaliano Francesco Redi aliweka nyama katika mitungi, mingine wazi, mingine imefungwa, mingine imefunikwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe. Katika mitungi iliyo wazi funza walijaa; katika ile yenye kitambaa hawakuonekana kwenye nyama, bali nzi walikusanyika juu ya kitambaa, wakivutwa na harufu wasiyoweza kuifikia, na wakaacha watoto wao huko. Nzi wako alikuwa akifanya kilekile. Wavu haufungi harufu, na matundu yake yakiwa makubwa, funza mdogo hupenya na kudondoka.

Nyama huenda hukuhitaji kuitupa, kama hakuna aliyepenya. Safari ijayo wavu usiguse nyama hata kidogo. Tumia kawa yenye matundu madogo iliyo ndefu, au ukunje waya uuinue wavu shubiri moja juu ya sahani na kingo zake zishuke hadi mezani pande zote, na ukiwaona wakikusanyika juu yake, uukung'ute nje kabla ya kuufunua.